Umeme "hauna nguvu": nguvu ipi?

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, nimefuata swichi moja tu. Mbele yangu mama mmoja anaeleza kwamba hita yake ya maji ya kuoga inachelewa sana jioni. Muuzaji, kijana tu, akamjibu bila kuinua kichwa: "Mama, huko kwenu umeme hauna nguvu, na umeme usio na nguvu ndio unaomaliza uniti." Mama akaitikia. Mzee aliyekuwa nyuma yangu naye akaitikia. Mimi nikalipia swichi yangu nikaondoka, ila sentensi hiyo nimeisikia Pasua, nimeisikia Majengo, hata Arusha kule Sakina, na sasa imenichosha.

Maana kwanza, haraka haraka. Volti hupima msukumo wa umeme. Ampea hupima mkondo unaopita. Omu hupima ukinzani, yaani jinsi waya unavyoubana mkondo huo. Wati hupima nguvu. Gawanya volti kwa ampea, unapata omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati. Hita iliyo kwenye volti 230, mita ikisoma ampea 5, ina ukinzani wa 230 ÷ 5 = omu 46, na nguvu yake ni 230 × 5 = wati 1,150. Mahesabu ni hayo tu. Yanayotuponza ni maneno.

Mengine hayana shida. Mkondo ni neno la maji, na aliyewahi kusimama kando ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia kule mlimani, hahitaji kuelezwa. Ukinzani unatoka kwenye kukinza, kwenda kinyume na jambo; ndugu wanaokinzana kikaoni ni wa ukoo huo huo wa neno. Hata umeme wenyewe ulikuwa wa mawinguni kabla haujafika kwenye soketi.

Nguvu ndiyo inayobebeshwa kila mzigo. Nyaya nene zina "nguvu". Betri mpya ina "nguvu". Fezi tatu ni umeme "wenye nguvu", na taa zikififia, nguvu "imepungua". Darasani tulijitahidi kugawa kazi: kani kwa kusukuma na kuvuta, nishati (neno la Kiarabu, lenye asili ya uchangamfu) kwa uwezo wa kufanya kazi, na nguvu ikabaki na jukumu moja, kasi ya kufanya kazi hiyo. Tukitoka getini tunazirudisha zote kwenye gunia moja.

Kasi hiyo ndiyo siri ya wati. James Watt, Mskoti wa injini za mvuke, alitaka kuwaonyesha wateja injini yake inafanya kazi ya farasi wangapi kwa muda ule ule, na ndiyo sababu hadi leo mota ya mashine ya kusaga inanunuliwa kwa nguvu za farasi, mmoja akiwa kama wati 746. Watt alifariki mwaka 1819. Jina lake lilipendekezwa liwe kipimo mwaka 1882, na umeme ukalirithi. Kwa hiyo ndani ya wati tayari kuna saa inayotembea. Ukitaka kujua umetumia kiasi gani, unazidisha tena kwa muda: wati 1,000 zikifanya kazi saa nzima, hiyo ni uniti moja ya LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Naomba tusiite "kilowati kwa saa". Kilomita 80 kwa saa ni kugawa. Uniti ni kuzidisha: kilowati-saa.

Sasa turudi kwa yule mama. Jioni mtaa mzima unapika na kuchemsha, volti zinashuka, tuseme hadi 180. Omu 46 ni za waya wa hita, na waya haujui kama jua limezama. Mkondo unakuwa 180 ÷ 46, karibu ampea 3.9, na nguvu inabaki kama wati 704. Angalia hapo: volti zimepungua kwa asilimia 22, nguvu imepungua kwa 39, kwa sababu volti zikishuka zinashuka na ampea pamoja. Lita 10 za maji, kutoka nyuzi 20 hadi 60, zilizokuwa zikichukua dakika 24 zitachukua kama 40. Lakini joto linalotakiwa na maji ni lile lile, chini kidogo ya nusu uniti. Kinachoongezeka ni kile kijoto kinachotoroka ndooni wakati unasubiri. Uniti hazijaliwa; dakika ndizo zilizoliwa.

Friji ni kesi nyingine. Mota yake volti zikishuka huvuta mkondo mwingi zaidi ili imudu mzigo ule ule, na hapo inaweza kuungua. Nadhani hofu ya friji ndiyo iliyohamia kwenye hita.

Na wale wanaosema hita kali ni yenye ukinzani mkubwa: kwenye volti zile zile ni kinyume. Koili ya jiko iliyokatika ikaungwa inakuwa fupi, omu zinapungua, na ndiyo maana inawaka nyekundu kuliko zamani kabla haijakatika tena.

Kijana wa dukani alikuwa sahihi nusu: nguvu ilipungua kweli, ndani ya hita. Wakati mwingine angeweza kusema tu, "Mama, volti za kwenu zinashuka jioni, chemsha mapema kidogo."