Je, wajua kwa nini urani haibaki ile ile baada ya kuchomelewa?

Kipande cha urani kilichotoka kung'arishwa huwa na mng'ao wa fedha. Kikiachwa hewani hugeuka rangi ya dhahabu, kisha buluu iliyokolea, na hatimaye huwa cheusi, kwa sababu oksijeni hujiunga na metali hiyo na kutandaza juu yake utando wa oksidi. Rangi za mwanzo hutokana na unene wa utando wenyewe: ukiwa mwembamba sana, mwanga unaoakisiwa juu yake huingiliana na ule unaoakisiwa chini yake. Katika joto la kawaida mabadiliko hayo huenda polepole, lakini kwenye joto la kuchomelea hutokea kwa sekunde chache.

Ndiyo maana urani huchomelewa ndani ya ombwe kwa mwale wa elektroni, au kwa tao la umeme au leza chini ya kinga ya gesi ya argoni. Hata hivyo, hakuna ombwe lililo tupu kabisa. Mvuke kidogo wa maji uliosalia hutosha kuanzisha utando mpya, na kaboni iliyotokana na mafuta yaliyobaki kwenye metali huweza kuingia katika oksidi na kuunda tabaka la oksikabidi, yaani mchanganyiko wa urani, oksijeni na kaboni. Kwa hiyo uso wa mshono, yaani mahali vipande viwili vilipounganishwa, huwa na kemia tofauti na ya metali iliyo kando yake, ijapokuwa macho huenda yasione tofauti yoyote. Oksidi ya zamani nayo ni kikwazo: urani huyeyuka kwenye nyuzi 1,132 za Selsiasi, ilhali dioksidi yake hustahimili hadi karibu nyuzi 2,850, hivyo hubaki yabisi ndani ya metali iliyokwisha kuwa kimiminika na kuzuia kingo mbili zisishikane vizuri. Naamini hakuna hatua yenye uzito kuliko ile ya kusafisha kingo, mara nyingi kwa asidi ya nitriki, kabla ya kuanza kazi.

Mabadiliko ya ndani ni makubwa zaidi, nayo ndiyo yanayoifanya urani iwe ya pekee. Katika joto la kawaida atomu zake hujipanga kwa umbo liitwalo alfa. Joto likipita nyuzi 668 hivi, umbo hilo hugeuka kuwa beta, na kuanzia nyuzi 775 hivi huwa gama, hadi metali inapoyeyuka. Mshono unapopoa hulazimika kupita maumbo yote matatu kwa muda mfupi, na kila mgeuko huja na badiliko la ujazo. Isitoshe, fuwele ya alfa ikipashwa joto hutanuka kwa pande mbili na kusinyaa kidogo kwa upande wa tatu. Basi chembe mbili jirani, yaani fuwele ndogo zinazounda metali, zilizoelekea pande tofauti husukumana na kuvutana zinapopoa, na mkazo huo huacha ndani yake michirizi ya fuwele pacha, yaani sehemu za fuwele zilizojipanga kinyume kama taswira kwenye kioo, inayoonekana kwa hadubini. Katikati ya mshono chembe huwa kubwa, zenye kingo zisizo sawa. Pembeni, mahali palipopata joto bila kuyeyuka, ukubwa wake hubadilika hatua kwa hatua hadi kufikia metali ambayo haikuguswa.

Vipande vidogo vya kabidi (urani iliyoungana na kaboni), ambavyo urani ya kusubu huwa navyo karibu daima, huweza kuyeyukia katika metali iliyoyeyuka na kujitenga upya kwa maumbo mengine.

Yote haya huamua mahali kutu itakapoanzia. Mvuke wa maji ukiishambulia urani hutoa hidrojeni, na hidrojeni hupenda kuanza kazi kwenye mipaka ya chembe, kwenye fuwele pacha na kandokando ya kabidi, ambako huunda hidridi, unga unaoweza kuwaka wenyewe ukikutana na hewa. Aloi, yaani urani iliyochanganywa na metali nyingine, yenye metali iitwayo niobi ya asilimia 6 hivi kwa uzito hustahimili kutu vizuri zaidi, mradi niobi hiyo ibaki imesambaa sawasawa; ukanda wa kando ya mshono ukikaa kwenye joto la wastani kwa muda mrefu, niobi hujikusanya mahali pamoja, na sehemu zilizopungukiwa nayo huanza kuoza kama urani isiyochanganywa na kitu.