Viungo elfu si kura elfu

Wenye tovuti ndogo hapa Mwanza, kuanzia wauza dagaa wa soko la Mwaloni hadi wenye nyumba za wageni, wengi huamini kwamba tovuti hupanda kwenye matokeo ya utafutaji kwa wingi wa viungo vinavyoielekea, yaani linki zilizowekwa kwenye tovuti nyingine. Basi anayeuza viungo elfu kwa bei ya kutupa anaonekana mkombozi.

Imani hiyo ina mzizi wa kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 injini za utafutaji kama Google zilianza kuhesabu kiungo kama kura. Ila hata wakati huo kura hazikulingana uzito, na tangu 2012 udhibiti wa viungo vya kununua umekazwa: hupuuzwa, au huishusha tovuti yenyewe.

Kinachovuta viungo ni kitu ambacho mwingine anakihitaji. Chukua ukurasa wa saa za meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, unaosahihishwa kila ratiba inapobadilika. Mwenye hoteli huko atauwekea kiungo kwa ajili ya wageni wake bila kuombwa. Au picha sita za dagaa wakianikwa kwenye chanja, na maelezo kwa nini hao hawakwaruzi meno kama wa mchangani. (Mimi ningeanza na hizo.)

Umeshanunua? Fungua kurasa tatu zenye viungo ulivyouziwa, uzisome. Ukikuta kamari, viatu na dawa za kupunguza unene vimerundikwa pamoja, jiulize ni mteja gani wa dagaa atapita hapo.