"Hupunguza mwonekano wa makunyanzi": maana ya neno linalopotea njiani

Jumapili moja sokoni Kibuye, Kisumu, shangazi yangu aliweka gorogoro lake la omena chini akanipa kikebe cha krimu. Alikuwa amekinunua shilingi 2,500. "Mwanangu, hebu nisomee hapa. Aliyeniuzia anasema inatoa makunyanzi, na huyu mwigizaji wa kwenye picha ndiyo hujipaka."

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Nikiyafasiri bila kuacha kitu, yalisema krimu hiyo hupunguza mwonekano wa makunyanzi. Muuzaji alipomweleza shangazi kwa Kiswahili, neno "mwonekano" lilidondoka, na neno hilo ndilo linalotenganisha ahadi mbili zisizofanana hata kidogo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 kuhusu chakula, dawa na vipodozi inaeleza hivi: kinachosafisha, kinachopamba au kinachobadilisha sura ya nje ni kipodozi, kinachodaiwa kubadilisha muundo wa mwili au kazi zake ni dawa, na dawa mpya haiuzwi kabla ya ushahidi kukaguliwa. Kampuni ikiandika kwamba krimu yake inajenga ngozi upya, imeingia eneo la dawa. Ikiandika "mwonekano", inabaki kwenye vipodozi. Waandishi wa lebo wanalijua hilo vizuri sana.

Mwonekano wenyewe unaweza kubadilika kweli, na sitaki kumdanganya mtu kwamba krimu hizi hazifanyi lolote. Ngozi ikikauka, vijistari vyembamba hujitokeza. Gliserini huvuta maji, tabaka la juu likavimba kidogo, vijistari vikajaa, uso ukang'aa. Ukiacha kujipaka, siku chache tu vinarudi. Lakini losheni ya kawaida yenye gliserini, ya bei ndogo, hufanya kazi hiyohiyo. Mikunjo mirefu iliyochimbwa na jua na miaka ya kucheka na kukunja uso iko chini zaidi, na maji hayaifikii. Hata kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara na inayotajwa kwenye vikebe vingi, ina molekuli kubwa mno, za uzito wa dalton 300,000 hivi (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), ilhali vitu vinavyopenya ngozi nzima kwa urahisi kwa kawaida havizidi dalton 500. Inabaki juu, ikisaidia kushika unyevu.

Na yule mwigizaji? Amelipwa, amepambwa, amewekewa taa, na mara nyingi picha yake imepitia kompyuta. Mwaka 2009 mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza iliamua kwamba tangazo la krimu ya macho ya Olay, lililomtumia mwanamitindo Twiggy aliyekuwa na umri wa miaka 60, lilipotosha kwa sababu picha yake ilikuwa imerekebishwa kuzunguka macho. Yaani palepale krimu ilipodaiwa kufanya kazi! Hata picha ingeachwa ilivyo, uso wa mtu mmoja hauwezi kukwambia kama ni krimu, daktari, lishe au kurithi kwa mama yake.

Maneno "imethibitishwa kitabibu" nayo yanahitaji kushikwa mkono na kuulizwa. Mwaka 2014 tume ya biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na L'Oréal USA, baada ya kuishutumu kwa kudai bila ushahidi wa kutosha kwamba Génifique, kipodozi cha chapa yake ya Lancôme kilichouzwa hadi dola 132, kimethibitishwa kuchochea kazi za jeni. Ukisoma kwamba asilimia fulani ya wanawake "walikubali ngozi yao imekuwa laini", hayo ni maoni yao. Uliza walikuwa wangapi, na kama kuna wenzao waliopakwa losheni ya kawaida bila kujua ni ipi.

Vipo vyenye ushahidi. Tretinoin ni dawa halisi ya ngozi: huchukua miezi, huwasha, huandikwa na daktari, na mjamzito haipaki. Losheni ya kukinga jua nayo ilipimwa mjini Nambour, Australia, kwa zaidi ya watu 900 katika muda wa miaka minne na nusu. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba walioipaka kila siku walizeeka ngozi kwa asilimia 24 chini ya wenzao. Wengi wao walikuwa Wazungu. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, na kwetu madhara ya jua huanza kuonekana kama madoa na rangi isiyolingana kabla ya makunyanzi. Hata hivyo Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua lake halina msimu wa kupumzika.

Linalonitia hofu zaidi ni vikebe visivyo na lebo, krimu za kuchanganywa zinazouzwa kwa ahadi hiyohiyo ya ujana. Baadhi huwa na zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi zilizopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Kenya. Nyingine zina steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi. Wiki za kwanza uso hunyooka na kung'aa, kisha miezi ikipita ngozi hukonda hadi mishipa ikaonekana. Mtu aliyetaka kuondoa makunyanzi anaishia na ngozi nyembamba kama karatasi, na akiacha ghafla uso unawaka.

Kikebe cha shangazi kilikuwa na lebo kamili, na kitu cha pili kwenye orodha, baada ya maji, kilikuwa gliserini. Nikamwambia amalizie tu, kitamlainisha. Akanyamaza kidogo akikitazama kibanda chake, kisha akauliza, "Na mwavuli, unahesabika?" Nikamjibu ndiyo, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Tukausogeza pamoja, upande ule jua linakomchoma usoni anapopima omena.