Olga Bancic hakupigwa risasi Mont-Valérien

Jamani hili la Olga Bancic linarudiwa mno, eti alipigwa risasi pamoja na kina Missak Manouchian, wapiganaji wa siri waliopinga Wanazi walioikalia Ufaransa, pale Mont-Valérien, nje kidogo ya Paris, tarehe 21 Februari 1944. Sio hivyo. Siku ile walipigwa risasi wanaume 22. Olga ndo alikuwa mwanamke pekee kwenye ile hukumu ya kifo ya kundi lao, na yeye Wajerumani walimpeleka kwao Ujerumani wakamkata kichwa Stuttgart tarehe 10 Mei 1944, siku aliyokuwa anatimiza miaka 32, inauma kwa kweli. Nadhani watu wanachanganywa na lile bango jekundu la propaganda ya Wajerumani lililowaonyesha wapiganaji hawa kama magaidi, lakini hata pale sura ni 10 tu, zote za wanaume, yeye hayumo. Huyu mama alizaliwa Chișinău, Myahudi, mkomunisti, alishafungwa Romania kabla ya kuhamia Ufaransa, na vitani kazi yake ilikuwa silaha, anawapelekea wapiganaji kabla ya shambulio, wakimaliza anazichukua tena anaondoka nazo. Siku moja kabla hajauawa alimwandikia barua binti yake mdogo, Dolores, akairusha dirishani wakiwa wanamhamisha, akiomba imfikie mtoto.