Simu Ikipokelewa Ng'ambo: Dhana Potofu na Ukweli

Mteja anapiga simu kuuliza kwa nini amekatwa fedha mara mbili. Sauti inayompokea iko nchi nyingine, ambako ni saa tisa usiku. Mazungumzo yakienda mrama, lawama huangukia umbali na lafudhi. Vyote viwili vina sehemu yake, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mengi huwa yameshaharibika mapema zaidi, siku kampuni inapoandika mkataba wa kuhamishia huduma zake za simu kwingine.

Dhana: Kuhamishia kazi ng'ambo na kumpa mkandarasi ni jambo moja

Ni mambo mawili, na mara nyingi hukutana, lakini si lazima. General Electric ilipoanzisha kituo chake Gurgaon, India, mwaka 1997, wafanyakazi wa pale walikuwa wake yenyewe. Sehemu kubwa ya kituo iliuzwa mwaka 2004, na mwaka uliofuata kikaitwa Genpact. Kwa miaka saba kazi ilikuwa ng'ambo bila kuwa mikononi mwa mtu mwingine. Kinyume chake, kampuni inaweza kukabidhi simu zake zote kwa mkandarasi aliye mtaa wa pili.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu kila upande huja na matatizo yake. Kuhama nchi huleta tofauti ya saa, sheria za taarifa na safari ndefu ya sauti. Kandarasi huleta pande mbili zenye masilahi yasiyofanana. Ukikosea kujua ugonjwa ni upi, utatibu mguu usiouma.

Dhana: Mshahara ukiwa nusu, gharama nayo ni nusu

Hesabu hii ndiyo huvutia wakubwa, na ndiyo huwaangusha. Mshahara hulipia simu, lakini mteja hapigi ili simu ipokelewe. Anapiga ili shida yake iishe. Tuchukue namba za mfano tu. Nyumbani simu moja inagharimu dola 6, na shida 80 kati ya 100 huisha kwa simu ya kwanza. Ng'ambo simu inagharimu dola 3, lakini zinazoisha mara ya kwanza ni 50. Kama kila anayerudi kupiga ana bahati ileile, nyumbani kila shida hula simu 1.25, sawa na dola 7.50. Ng'ambo hula simu 2, sawa na dola 6. Nafuu ipo, ila ni asilimia 20, si 50. Kiwango cha ng'ambo kikishuka hadi 40 kati ya 100, shida moja hula simu 2.5, nazo ni dola 7.50 vilevile. Nafuu imeyeyuka, na bado hujahesabu wasimamizi waliobaki makao makuu, safari za ukaguzi, wala wateja ambao hawakurudi kupiga kwa sababu wamehamia kwa mshindani.

Kwa hiyo kipimo cha kushika ni gharama ya shida iliyoisha. Na asiachiwe mkandarasi kuamua kwamba imeisha kwa kuweka alama kwenye skrini. Kipimo kilicho salama zaidi ni hiki: mteja huyuhuyu hajarudi na jambo lilelile ndani ya siku 7, kwa simu, barua pepe wala ujumbe.

Dhana: Tatizo ni lafudhi

Lafudhi ngeni huchosha sikio, hilo halina ubishi. Lakini simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya takriban hezi 300 na 3,400 tu, wakati sehemu kubwa ya nguvu ya herufi kama "s" na "f" iko juu ya hapo. Ndiyo maana hata watu waliozaliwa kijiji kimoja hulazimika kutajiana herufi kwa maneno wanaposomeana namba ya akaunti. Kisha sauti ikibanwa ili kuokoa nafasi kwenye mtandao, kutoka kilobiti 64 kwa sekunde za mfumo wa sauti uitwao G.711 hadi 8 za mfumo wa G.729, hupoteza zaidi. Ikibanwa, ikafunguliwa, ikabanwa tena na mtambo wa pili njiani, hata msemaji hodari husikika kama yumo ndani ya pipa.

Kuna pia ucheleweshaji. Ndani ya nyaya za mwanga sauti hutumia kama milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000, hivyo waya wa kilomita 12,000 hula 60 kwa upande mmoja. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri jumla isizidi 150 kwa mazungumzo mazuri. Umbali peke yake haujavunja kikomo hicho. Kinachokivunja ni vya kuongezea: mitambo ya kubadili mfumo wa sauti, hifadhi za kusawazisha pakiti (vipande vya sauti vinavyosafiri kwenye mtandao), na mhudumu anayefanya kazi kwenye kompyuta iliyo mbali kupitia njia ya siri ya mtandao inayopitia makao makuu kwanza. Ikifika milisekunde 300 hivi, watu huanza kudakiana maneno. Mteja husema "ananikatiza, hana adabu". Mhudumu naye amesubiri kimya, akadhani mwenzake amemaliza.

Kabla ya kulipia darasa la lafudhi, pima simu kumi za saa yenye msongamano. Angalia sauti inabadilishwa mfumo mara ngapi njiani na pakiti zinazopotea ni ngapi. Zikizidi 1 kati ya 100, anzia hapo.

Dhana: Wahudumu wa ng'ambo hawajui kazi, wanasoma karatasi tu

Turudi kwa yule aliyekatwa mara mbili. Mhudumu amefungua faili lake na kosa analiona waziwazi: malipo mawili, kiasi kilekile, dakika moja kati yake. Kitufe cha kurudisha fedha kipo palepale kwenye skrini, ila kwake kina rangi ya kijivu, hakibonyezeki. Ruhusa yake inaishia kwenye kuandika ombi litakaloshughulikiwa na makao makuu ndani ya siku 5 za kazi. Na maelekezo yanamkataza kusema "ni kosa letu". Basi anabaki na sentensi moja tu, anairudia mara tatu. Kwa mteja, huyu ni mjinga. Kwa anayejua mfumo, huyu amefungwa mikono.

Dawa yake ni kikomo cha fedha. Mhudumu aruhusiwe kurudisha hadi kiasi fulani bila kuomba, na msimamizi wa zamu apewe kiasi kikubwa zaidi. Kila marejesho yaandikwe jina, na sampuli ikaguliwe kesho yake. Kampuni nyingi huogopa wizi kwa hiyo huzima kitufe kabisa, kisha hulipia simu mbili na lalamiko moja kwa kila kosa ambalo lingeisha kwa dakika mbili.

Jinsi mkandarasi anavyolipwa nako hufundisha tabia. Akilipwa kwa dakika ya maongezi, maongezi hurefuka. Akilipwa kwa simu, hufupishwa, na mteja huambiwa "jaribu kuzima na kuwasha, kisha utupigie", maana akipiga tena ni malipo mengine. Akilipwa kwa kiti, yaani kwa kila nafasi ya mhudumu, hana sababu ya kutaka simu zipungue. Akilipwa kwa shida iliyoisha, atachagua nyepesi na kusukuma nzito juu. Hakuna mfumo safi. Wanaofanikiwa huchanganya: sehemu kubwa kwa kiti, sehemu ndogo kwa matokeo, na faini kwa waliopiga tena.

Soma pia maandishi madogo kuhusu foleni. Ahadi ya kawaida ni simu 80 kati ya 100 kupokelewa ndani ya sekunde 20. Lakini je, waliokata wenyewe wanahesabiwa? Kuwatoa waliokata ndani ya sekunde 5 za mwanzo ni haki, wengi wao walikosea namba. Kuwatoa wote waliokata ni kuficha foleni: ukisubirisha watu hadi wachoke, takwimu zinapendeza.

Dhana: Kule watu ni wengi na rahisi, foleni haitakuwepo

Foleni hufuata hesabu aliyoiweka Mdenmaki A. K. Erlang mwaka 1917 alipokuwa kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen. Simu 200 kwa saa, kila moja dakika 3, ni dakika 600, yaani kazi ya watu 10 wasiopumua. Ukiweka 10 kamili, foleni haiishi kukua. Ukiweka 11, na kama hakuna anayekata, wastani wa kusubiri ni kama dakika 2. Ukiweka 13, unaikaribia ahadi ya 80 ndani ya sekunde 20 bila kuifikia. 14 wanaipita vizuri. Ondoa mapumziko, mafunzo, ugonjwa na likizo, tuseme asilimia 30 ya muda, na orodha ya mishahara inahitaji watu 20.

Sasa kila simu irefuke kwa dakika 1, kwa sababu sauti ni mbovu au kitufe ni cha kijivu. Viti vinavyohitajika vinapanda hadi 17, na mishahara hadi 25. Dakika moja imekula robo nzima ya nguvu kazi.

Dhana: Nchi inayopokea kazi inafaidi tu, au, inanyonywa tu

Ufilipino ina zaidi ya watu milioni 1.5 katika kazi hizi na zinazofanana nazo, na ni kati ya vyanzo vyake vikuu vya fedha za kigeni. Hilo si jambo dogo kwa nchi ambayo vijana wengi huacha familia kwenda kutafuta kazi ugenini.

Bei yake ni usiku. Saa za kazi za New York, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, huangukia Manila saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi wakati wa baridi. Marekani ikibadili saa, zamu nzima inasogea saa moja, na mabasi ya wafanyakazi, mlo na walezi wa watoto vyote hupangwa upya. Sheria ya huko inadai nyongeza isiyopungua asilimia 10 kwa kazi ya kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na katazo la zamani la wanawake kufanya kazi usiku lilifutwa mwaka 2011. Lakini nyongeza ya mshahara hairudishi usingizi. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani mwaka 2007, ikasisitiza hivyo tena mwaka 2019.

Eneo la saa linalokaribiana hupunguza mzigo huu. Ndiyo sababu mojawapo Afrika Kusini hupokea simu za Uingereza, nao Wamarekani hupeleka nyingine Mexico na Colombia.

Dhana: Waliopoteza kazi watapata nyingine, uchumi kwa jumla haudhuriki

Jumla ni neno pana. Faida husambaa kwa mamilioni ya wateja na wenye hisa, hasara hukaa kwa watu wachache waliokuwa kwenye jengo moja. Uingereza vituo vingi vya simu vilijengwa katika maeneo yaliyokuwa yamepoteza migodi na viwanda, kwa hiyo kufungwa kwa kituo huwa pigo la pili kwa mji uleule. Marekani ilikuwa na mpango wa kuwasaidia walioumizwa na biashara ya nje tangu mwaka 1962, lakini wafanyakazi wa huduma waliingizwa rasmi kwa sheria ya mwaka 2009 tu, na tangu Julai 2022 mpango huo haupokei maombi mapya.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mwanauchumi Alan Blinder alikadiria kwamba kati ya asilimia 22 na 29 ya kazi za Marekani zingeweza kufanyika ng'ambo. Wengi waliisoma kama kwamba zitaondoka.

Dhana: Taarifa zikivuja, ni kosa la mkandarasi

Si mbele ya sheria. Chini ya kanuni za taarifa binafsi za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, kampuni iliyokusanya taarifa hubaki na wajibu wake, hata kama mkandarasi naye anaweza kuadhibiwa. Kwa namba za kadi, njia nzuri ni mhudumu asizisikie kabisa: mteja abonyeze tarakimu kwenye simu yake, na mtambo ufunike milio.

Dhana: Kazi ikishaondoka hairudi

Kampuni ya kompyuta ya Dell ilirudisha Marekani sehemu ya simu za wateja wake wa kampuni kutoka Bangalore mwishoni mwa mwaka 2003. Benki ya Santander nchini Uingereza ilitangaza kurudisha vituo vyake kutoka India mwaka 2011. Kampuni ya malipo ya Klarna ilijisifu mwaka 2024 kwamba programu yake ya akili bandia inafanya kazi ya wahudumu 700, na mwaka uliofuata ikaanza kutafuta watu tena.

Kinachorudi, hata hivyo, si kile kilichoondoka. Simu nyepesi, kama kuuliza salio, kubadili anwani au kufuatilia mzigo, zimeshahamia kwenye mashine. Zinazobaki ni ndefu na zenye hasira. Anayepanga kurudisha kazi kwa kutumia dakika 3 za mkataba wa zamani atajikuta na viti pungufu siku ya kwanza. Achukue rekodi za mwezi mmoja, aondoe maswali ambayo mashine inayamaliza, kisha apime upya urefu wa zilizobaki.