Yule wa kofia alikufaje?

Kama umekulia Kirumba au Igogo, mitaa ya Mwanza, umewahi kutoa kiingilio ukabanwa kwenye benchi la kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video, na pembeni yako alikuwepo kaka mmoja mjuaji. Mengi tunayoyaamini kuhusu vifo vya wapambe wa majambazi kwenye filamu za James Bond tuliyapata kwake.

La kwanza: wanaouawa kwenye filamu ni wafungwa waliohukumiwa kunyongwa, eti Wazungu wanaona bora wafe wakiwa na faida. Tuliliamini miaka. Lakini Harold Sakata, lile bonge lenye kofia ya ukingo wa chuma katika Goldfinger (1964), hakuwa mfungwa wa mtu. Alikuwa mnyanyua vyuma aliyeipatia Marekani medali ya fedha kwenye Olimpiki ya London 1948, kisha akawa mpiga mieleka. Alifariki 1982, miaka 18 baada ya "kufa" kwake. Alichoumia siku ile ni mkono tu: cheche za kuigizia umeme zilimuunguza, naye akang'ang'ania kofia mpaka mwongozaji aliposema basi.

Kifo hicho ndicho ninachokipa namba moja, na ndicho kilichozua ubishi mkubwa. Kofia imenasa kwenye nondo, jamaa anaishika, James Bond anagusisha waya wenye moto kwenye nondo zilezile. Mjuaji akacheka: uongo huo, umeme humrusha mtu! Humrusha, ndiyo, wakati mwingine. Ila umeme kama huu wa majumbani ukipita mkononi hukaza misuli, na misuli ya kufumba vidole ina nguvu kuliko ya kufumbua. Kiganja kinafunga, huachii hata ukitaka. Ndiyo maana fundi mmoja mzee mtaani kwetu, akishuku friji ina shoti, aliigusa kwa mgongo wa mkono, ili misuli ikikaza imtoe badala ya kumnasisha. (Usimwige, tesita zipo.)

Mamba je? Huku ziwani kila mtu ni bingwa wa mamba, kwa hiyo wale wa Live and Let Die (1973) tuliwapitisha kuwa plastiki. Walikuwa hai, huko Jamaica, na aliyekimbia juu ya migongo yao badala ya Roger Moore, mwigizaji wa Bond, ni mwenye shamba la mamba lenyewe, Ross Kananga. Jambazi mkuu akapewa jina lake. Tee Hee, mpambe aliyemtelekeza Bond pale, kibandani ilisemwa aliliwa na mamba haohao. Wapi! Alirushwa nje ya treni baada ya mkono wake wa chuma kunasa dirishani. Kofia, mkono: wote wawili waliponzwa na silaha zao wenyewe.

Na Meno ya Chuma (Jaws), mpambe mwingine wa filamu za Bond, hakufa. Mwaka 1977 alidumbukizwa kwenye bwawa la papa, akamng'ata papa. Mwaka 1979 akarudi, akapata mchumba, akahamia upande wa steringi. Mkanda wa kibandani kwetu ulikuwa na mkwaruzo kuanzia pale anapodumbukia, ndiyo maana benchi zima lilimzika.