Hiroshima: jina moja, maandishi mawili

Msemaji wa Kiswahili hahangaiki kutamka Hiroshima. Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu: hi-ro-shi-ma. Tofauti ni kwamba sisi hukaza "shi" kwa mazoea, ilhali Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo.

Kwa kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina ambazo hubeba maana, jina hili huandikwa kwa herufi mbili: 広, hiro, yaani "-pana", na 島, shima, yaani "kisiwa". Lilianza kutumika mwaka 1589, Mori Terumoto alipojenga ngome kwenye delta ya mto Ota, pale mto unapogawanyika na kuacha visiwa vya mchanga katikati ya matawi yake. Yapo pia masimulizi kwamba herufi hizo zilichukuliwa kutoka majina ya watu wawili, Oe no Hiromoto, babu wa ukoo wa Mori, na Fukushima Motonaga.

Jambo ninalotaka wasomaji, hasa wanahabari na wafasiri, walishike ni hili. Ukiona 広島, hapo ni mji wenye tramu, chaza na timu ya besiboli. Ukiona ヒロシマ, jina lilelile kwa katakana, mwandishi anakupeleka kwenye asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo, na kwenye wito kwamba bomu lile la atomiki lisirudiwe. Katakana huandika sauti tupu na hutumika zaidi kwa maneno ya kigeni, hata Kenya na Tanzania huandikwa kwayo. Jina la nyumbani likivishwa maandishi hayo, linageuka kuwa jina la dunia nzima.

Si kila mwenyeji hupenda hivyo. Fukushima, "kisiwa cha heri", nayo ilianza kuandikwa フクシマ baada ya ajali ya nyuklia ya Machi 2011, na wakazi wengi waliumia kuona mkoa wao umefanywa jina la maafa. Kituo chenyewe cha nyuklia kiko pwani, lakini jina hilo hubeba mkoa mzima. Eneo la Aizu, magharibi mwa mkoa huohuo, liko umbali wa takriban kilomita 100.

Kiswahili hakina maandishi mawili ya kutenganisha maana hizi, kwa hiyo kazi hiyo inabaki kwa maneno. Tuandike "bomu la Hiroshima" tunapokusudia bomu, na "kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi" tunapokusudia kituo. Daiichi maana yake ni "namba moja" tu.